Povu la leo: Ukikata taarab dakika mbili, umemkata shangazi yangu

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, wala nani kanunuliwa gari na nani. Leo nina povu. Likikurukia, jifute taratibu.

Wiki iliyopita dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, alijirekodi akiwa ndani ya gari, miwani usoni, akatoa somo. Kwa kifupi alisema taarab tamu ila inachosha, nani siku hizi ana robo saa ya kusikiliza wimbo mmoja, wasanii wa taarab waamke watoe matoleo ya dakika mbili kama wenzao. Watu wakamjazia moto na vikopakopa. Kaka mmoja wa redio, naye jina kapuni, akaongezea kwamba yeye akiletewa taarab anapiga ubeti wa kwanza na kiitikio cha kwanza basi, kinachofuata ni marudio tu.

Nilitaka nipite kimya. Ila Jumamosi yake nikaenda kwenye kicheni pati ya binamu yangu, ukumbi mmoja Magomeni. Sare tumeshona, msosi upo, mzuka upo. Shangazi yangu, dada yake baba wa mwisho, yule aliyenilea, alikaa meza ya mbele na wenzake. Dijei akaweka wimbo mmoja wa taarab wa miaka ya 90. Shangazi akashtuka kama kaitwa jina.

Huo wimbo aliuimba yeye. Sio kama kinara, hapana. Yeye alikuwa mmoja wa waitikiaji wanne kwenye kundi moja hapa Dar, enzi zile mji umegawanyika, huku TOT kule Muungano, na makundi mengine madogo yanatafuta nafasi katikati. Sasa kwenye wimbo ule kuna mahali kinara ananyamaza kabisa, vyombo vinashuka, wanabaki waitikiaji peke yao wanajibu. Ni kama dakika ya tisa hivi. Kwa wanaoujua wimbo, pale ndo penyewe.

Basi shangazi akafungua pindo la khanga, akatoa elfu kumi, akaikunja. Hakukimbilia kutunza mwanzoni. Anayeijua taarab anajua unasubiri ubeti wako, kwa sababu ukitunza kwenye ubeti fulani umesema neno, na kila mtu ukumbini anajua umemwambia nani. Akasimama, akaanza kusogea mdogo mdogo kuelekea kwa bibi harusi mtarajiwa, kanishika mkono, ananiambia, "Subiri mwanangu, subiri, tunakuja."

Wimbo ukakatika. Dakika ya tatu haijaisha, dijei kaingiza amapiano. Vijana wakapiga mayowe ya furaha. Shangazi kabaki katikati ya ukumbi na elfu kumi mkononi. Akacheka, akampa binti hela yake, akarudi kukaa. Nilipomuuliza akasema, "Wala, mambo ya kizamani hayo." Lakini sahani yake hakuigusa tena.

Nikamfuata dijei. Nilienda na hasira, nikarudi na aibu. Akanionyesha kompyuta yake. Faili limeandikwa TAARAB KALI 07. Urefu dakika 2 na sekunde 51. Akaniambia, "Dada, mi ndo nilivyonunua Kariakoo, wimbo wenyewe wote ni huo." Hakujua kama umekatwa. Hakujua kundi, hakujua mwaka, hakujua kinara. Waitikiaji ndo usiseme.

NAUNGAMA

Kilichoniishia nguvu ni kwamba hiyo kazi naijua. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikakaa karibu miaka miwili kwenye kibanda kimoja Mtaa wa Aggrey. Tulikuwa tunauza makava ya simu na chaja, na pembeni tunajaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Bosi alikuwa na kauli moja: mteja hanunui nyimbo, ananunua idadi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida unakula karibu MB moja kwa dakika moja. Taarab ya dakika 15 inakula MB 15. Kadi ya GB 4 ukiijaza taarab nzima nzima unapata nyimbo kama 250. Ukizikata kila moja ibaki dakika 5, unapata 700 na ushee. Ukizikata zaidi, unaandika kwenye boksi "NYIMBO 1000" na mteja anaondoka anachekelea. Kwa hiyo tulikata. Nilikuwa nafungua programu, nasikiliza kidogo, nikisikia kiitikio cha kwanza kimeisha, naweka mkasi. Majina marefu nayo yalikuwa yanasumbua redio za magari, kwa hiyo tulifuta, tukaandika namba.

Sijui kama TAARAB KALI 07 ni mkono wangu. Inawezekana. Ndo maana leo siandiki kama hakimu. Naandika kama mtu ambaye huenda kamkata shangazi yake mwenyewe kwa mshahara wa elfu tano kwa siku.

MZEE WA SAA NNE

Pale kibandani siku moja alikuja mzee mmoja, shati limenyooka, kashika flashi yake mwenyewe. Nikamwamkia, akaitika, akasema anataka opera. Nikamwambia, "Mzee wangu, opera zipo, nikuwekee zozote?" Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Kumbe alisoma Leipzig, Ujerumani Mashariki ya enzi zile, na alikuwa anatafuta Tristan und Isolde ya Richard Wagner. Na sio Tristan yoyote. Alitaka iliyorekodiwa London mwaka 1952, kiongozi wa vyombo Wilhelm Furtwängler, Isolde akiimbwa na Kirsten Flagstad wa Norway.

Kwa ambao hamjawahi kukutana nayo, opera ni kama taarab na maigizo vimefunga ndoa. Hadithi nzima inaimbwa, vyombo vingi vinapiga chini ya jukwaa. Hiyo ya Tristan ilionyeshwa mara ya kwanza Munich mwaka 1865 na inachukua kama saa 4. Nilipomuuliza mzee kama nimkatie abaki na zile sehemu tamu, aliniangalia kama nimemtukania mama. Halafu akanifundisha kitu sijasahau. Alisema mwanzoni kabisa vyombo vinapiga sauti inayoning'inia, kama swali. Swali hilo linarudi na kurudi bila kujibiwa vizuri. Jibu linakuja mwishoni kabisa, baada ya saa zote hizo. "Ukikata, mjukuu wangu, unabaki na swali tu. Na ulilipia jibu."

Halafu akaniletea umbea wenyewe, nyie mnanijua kwenye umbea natega sikio. Flagstad wakati ule alikuwa na miaka 56. Sauti ilikuwa bado nzito na nzuri, ila zile noti za juu kabisa hazikuwa na uhakika tena. Basi studio wakamwita mwimbaji mwingine, Elisabeth Schwarzkopf, akaziimba zile noti chache badala yake. Ikawa siri. Siri ikavuja, ikawa kashfa. Na mpaka leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, ukiuliza wapenzi wa opera kuhusu rekodi hiyo watakutajia nani aliimba nini.

Hebu lipime hilo. Noti chache tu, mwenye sauti anajulikana kwa jina. Shangazi yangu na wenzake wamebeba kiitikio kizima, sauti zao zimepigwa kwenye harusi za mji huu kwa zaidi ya miaka 20, na jina lao ni namba saba.

Msije mkaniambia Wazungu wana hela ndo maana. Kuandika jina kwenye faili hakuna gharama. Na wala sisemi Wajerumani ni malaika, maana mzee mwenyewe alisema zipo Tristan za jukwaani zilizopunguzwa. Tofauti ni kwamba anayenunua anaambiwa imepunguzwa, na anaweza kuchagua nyingine. Wateja wangu mimi hawakuambiwa.

SITI ALIKATWA NA SANTURI, SISI TUNAKATA KWA HIARI

Tena hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi santuri. Santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu. Wimbo ukizidi hapo, unageuza upande wa pili. Mashine haikumpa nafasi. Mwanamke aliyezoea kuimba usiku kucha mbele ya watu ilibidi ajibane ndani ya dakika 3.

Na hata hivyo, zile santuri zilikuwa na jina lake. Ndo maana tunamjua. Shaaban Robert akaandika kitabu kizima cha wasifu wake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuziimba nyimbo zake miaka mingi baada ya Siti mwenyewe kufariki mwaka 1950, na kila akihojiwa jina la Siti lilikuwa halikosekani.

Siti ana wimbo unaitwa Kijiti. Unahusu mwanamke aliyetoka huku kwetu Dar akaenda Unguja, akauawa. Mwanaume anayetajwa akakimbilia bara, na waliokuja kufungwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Yaani wimbo ni shitaka dhidi ya mahakama ya mkoloni. Sasa chukua hadithi kama hiyo umpe yule kaka wa redio apige ubeti wa kwanza na kiitikio cha kwanza. Unabaki na nini? Unabaki na umbea: kuna mwanamke kafa. Hukumu, uonevu, uchungu, vyote vimekaa kwenye kile alichokiita marudio.

Kiitikio cha taarab sio marudio, kaka. Kinara akisema neno, kiitikio kinalirudisha, na kila kikirudi kinakuta ubeti mpya umeshabadilisha maana. Mara ya kwanza ni utani. Mara ya nne mtu ukumbini ameshainamisha kichwa.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema muda hakuna. Jamani. Foleni ya kutoka Posta mpaka Mbagala jioni ni taarab ngapi? Mtu huyo huyo asiye na dakika 15 anakaa saa mbili anapandisha vidole kwenye simu, akimaliza hakumbuki alichokiona. Muda upo. Kinachokosekana ni uvumilivu, na huo hauuzwi kwa dakika mbili mbili.

Mtasema klipu zinautangaza muziki. Hapo nakubali nusu. Klipu ni kama kipande cha kitambaa anachokuonyesha muuzaji pale Mtaa wa Kongo, ukipenda unanunua jora. Kosa ni kuuza kipande halafu unamwambia mteja hilo ndo gauni. Dada yetu wa kwenye gari hakusema tutengeneze klipu za kuvutia watu. Alisema wimbo wenyewe uwe klipu.

Mtasema nyimbo nyingine kweli zinavutwa bila sababu. Ni kweli. Zipo za robo saa ambazo dakika 6 ni kinanda kinazunguka mahali pamoja. Siwalazimishi mzipende. Sikiliza mpaka mwisho halafu useme mbaya. Ila huwezi kusema mbaya kitu ulichokisikia robo.

Na nyie wa upande wa pili msichekelee. Kuna kundi mjini hapa, wazee wa "muziki ulikuwa zamani", wao taarab ni ile ya udi, kanuni na fidla tu, ya kisasa yenye gitaa la umeme na kinanda wanaiita kelele za uswahilini. Hao nao wanakata. Mmoja anakata mwisho wa wimbo, mwingine anakata miaka 30 nzima ya watu waliofanya kazi. Shangazi yangu aliimba mbele ya kinanda cha umeme. Hakuwa anapiga kelele.

SASA UNACHAGUAJE?

Ukitaka wimbo mmoja wa taarab leo, utakuta matoleo matano. Fanya hivi.

Kwanza angalia urefu. Wimbo wa taarab ya kisasa ukikuta una dakika 3, uliza. Ukikuta unaisha ghafla kama mtu kaziba mdomo, umekatwa. Wimbo mzima unaagwa, vyombo vinafunga.

Pili, sikiliza mwanzo. Nyimbo nyingi zinaanza na vyombo peke yake kabla ya sauti. Wakataji tunapenda kuanza na hapo, maana hakuna neno la kumshtua mteja. Ukiona sauti ya mtu inaanza sekunde ya kwanza, hapo pana mkasi.

Tatu, ukikuta iliyorekodiwa ukumbini na ya studio, usikimbilie ya studio kwa sababu ni safi. Ya studio utasikia kila chombo. Ya ukumbini utasikia vigelegele, na vigelegele vinakwambia ubeti gani uliuma. Mimi naweka zote mbili. Ila kama nafasi ni ya moja na wimbo ni wa mipasho, nachukua ya ukumbini yenye kelele zake.

Nne, na hii ndo kubwa, chukua yenye majina. Kundi, kinara, mtunzi, mwaka, na kama yapo, wapigaji na waitikiaji. Hili sio la kujipendekeza kwa wazee. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Hilo neno la pili, hakishiriki, ndo la walioimba na kupiga hata kama hawakutunga. Sasa niambie, mtu anadaije haki yake kwenye kitu kinachoitwa TAARAB KALI 07? Atasimama mbele ya nani aseme "mimi ni namba saba"?

Tano, kama kundi lina ukurasa wake rasmi mtandaoni, anzia huko. Bando unalo. Mia yako inayowafikia, hata ikiwa ndogo, inajua ilipokwenda.

Na nyie ndugu zangu wa vibanda vya Kariakoo, Aggrey, Likoma, Msimbazi, mimi mwenzenu. Najua kodi ya fremu, najua bosi anavyotazama boksi. Andika basi kwenye boksi: "zimepunguzwa". Neno moja. Mteja achague mwenyewe.

KASETI

Baada ya ile kicheni pati nilimwomba shangazi anionyeshe kama ana kopi yake. Akatoa kaseti kwenye kopo la biskuti, imefungwa na mpira. Nilizunguka siku mbili kutafuta redio kaseti inayofanya kazi, nikaipata kwa fundi Gerezani. Tukaweka. Dakika ya tisa ilifika. Kinara akanyamaza, vyombo vikashuka, wanne wale wakaingia. Shangazi akaninyooshea kidole: huyu fulani, huyu fulani, huyu mimi, huyu marehemu. Aliwataja kwa sauti peke yake, mimi zote nilikuwa nazisikia moja.

Halafu utepe ukatafunwa. Dakika za mwisho hazipo. Fundi kajaribu, imeshindikana. Kwa hiyo hata sisi wenye wimbo hatuna wimbo mzima.

Nikamwambia shangazi naandika haya yote, nataka nitaje jina lake, la kundi na la wimbo, labda mtu ana kaseti nzima nyumbani kwao. Akakataa. Najua mtanirukia: wewe si ndo unadai majina? Nilimrukia na mimi hivyo hivyo. Akanijibu kwamba wawili kati ya wale wanne wamefariki, anataka kwanza aende kwa watoto wao awaombe ruhusa, ndo yaandikwe yote manne pamoja.

"Ukinitaja mimi ukawaacha wenzangu," akaniambia, "na wewe umekata."

Kwa hiyo nasubiri. Wakati huo nendeni mkafungue makopo ya biskuti ya mama zenu na bibi zenu. Kaseti yoyote ya taarab ya miaka ya 90, ya kundi lolote, kabla haijatafunwa. Muulizeni aliyeitunza ni nani anayeimba nyuma, mwandike. Halafu njooni hapa chini kwenye maoni mniambie mmekuta nini. Na yule dada wa kwenye gari akipita, mwambieni nafasi yake ipo, ila asome mpaka mwisho.